Mdudu Aliyetazamwa Kichwa Tu

Kijijini kwao, kusini ya Chemba, hakuna aliyebishana na Edina juu ya mdudu. Mtu akikuta unga chini ya gunia lake, hakukimbilia dukani kuulizia dawa. Alimkamata mdudu, akamfunga kwenye kipande cha nailoni, akampeleka ghalani kwa Edina, Mama Yotham. Edina alimmwaga kiganjani, akamgeuza kwa njiti ya kiberiti, akasema, "Huyu ni fukusi, ana pua. Kaanike mahindi yako." Au akasema, "Huyu ni skania," na hapo mwenye mahindi alishika kiuno.

Skania ndilo jina watu walilompa dumuzi alipoingia huku. Ni jina la lori, maana anabeba mzigo wote asikuachie hata wa kusaga. Vijana wa leo wanalitaja huku wanacheka, lakini Edina hakuwahi kucheka. Alikuwa darasa la sita mdudu huyo alipofika nyumbani kwao. Baba yake, Mgogo wa ajabu aliyejivunia mahindi kuliko ng'ombe, alifungua kihenge akakuta magunzi yamejipanga vizuri kama alivyoyaacha, ila alipoyagusa yakabomoka yakawa vumbi. Mwaka ule Edina aliacha shule, akapelekwa Dodoma mjini kulea watoto wa watu. Alirudi akiwa mtu mzima. Wengine hukosana na mawifi, wengine na majirani; yeye alikosana na mdudu mwenye urefu wa nusu punje ya mchele, na hakumsamehe.

Ndiyo maana kijiji kilipojenga ghala la pamoja na kutafuta mtunza ghala, jina lake lilipita bila mtu kunyoosha mkono kupinga. Alishahudhuria semina moja, na alichokipata huko alikishika kama sala. Fukusi ana pua ndefu. Skania, ukimtazama kwa juu, huoni kichwa chake; amekiinamisha chini ya mabega. "Kama mwizi mbele ya mwenyekiti," Edina alipenda kuwaambia watu. Kwa miaka mingi hilo lilitosha. Au tuseme hakuna aliyejua kama halikutosha.

Jirani yake mkubwa alikuwa Mwamvua, Mama Khalidi, Mrangi kutoka milima ya Kondoa. Mumewe Bashiri alikuwa mtu wa mbuzi, leo mnada huu, kesho mnada ule, na siku nyingi Mwamvua alishinda peke yake na shamba. Walipohamia pale, wa kwanza kwenda kuwaona alikuwa mama yake Edina, Bibi Loisi, mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Bibi alimuuliza mgeni kama Wagogo wanavyouliza: ukoo wa baba yako ni upi, na wa mama yako? Mwamvua alitaja. Bibi akatafuta kichwani, huku na huku, asiupate. "Basi," akasema, "utakuwa wetu mpaka tuupate ukoo wako." Akampa mashuke ya mtama kwa mbegu, maana mgeni haanzi maisha kwa mbegu ya dukani, akaondoka zake.

Urafiki ulianzia hapo. Waliazimana moto, chumvi, jembe na maneno. Bibi Loisi alipougua ugonjwa wake wa mwisho, siku ambazo Edina alibanwa na kazi ya ghala, Mwamvua ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji. Edina hakuwa na dada wa tumbo moja. Alipokuwa akisema "ndugu yangu," watu walijua anamsema nani.

Sasa ilikuwa hivi. Baada ya mavuno, Edina alipeleka mtama wake ghalani, akaupanga ukutani kule mwisho, kama desturi ya mtunza ghala asiyetaka kuonekana anajipendelea. Mwamvua akaleta mahindi yake, yakapangwa pembeni ya ule mtama. Muda si mrefu Edina alikuwa anafagia, akaona vumbi jeupe chini ya magunia ya Mwamvua. Alipiga magoti, akakung'uta gunia juu ya ungo. Mdudu mmoja mdogo wa kahawia akaanguka, akatambaa. Edina akamgeuza kwa njiti na kumtazama kwa juu. Kichwa hakikuonekana.

Hakuwa tena mama mtu mzima mwenye funguo shingoni. Alikuwa msichana wa darasa la sita amesimama nyuma ya baba yake, anatazama magunzi yakibomoka. Alitoka nje akaita watu.

Sheria ya ghala ilikuwa moja: mzigo wenye skania unatoka siku hiyo hiyo. Mwamvua aliitwa akaja na khanga mbili, moja mgongoni na moja kichwani, akamsikiliza mwenyekiti wa kamati, Bwana Denis, mpaka mwisho. Kisha akamgeukia rafiki yake.

"Mama Yotham, hebu mwangalie tena."

"Nimemwangalia maisha yangu yote," Edina alijibu.

"Mahindi haya niliyapeta mwenyewe. Wewe ulikuwepo."

"Mama Khalidi, kazi ni kazi."

Vijana walibeba magunia, wakayatua uani kwa Mwamvua, juani, mbele ya macho ya kijiji. Habari haina miguu lakini inafika. Wanunuzi waliopita kutoka Chemba walikwishasikia kabla hawajashuka garini, na kwake hawakusimama. Mzee mmoja pale kisimani akasema kwamba mambo haya huja na wageni, na wengine wakaguna kukubali. Watoto nao, ambao hawakosi la kuongeza, walimvua jina la mwanawe wakamvika lingine. Mama Khalidi akawa Mama Skania.

Hakugombana na mtu. Angegombana, Edina angepumua. Alichofanya ni kuacha kuja. Salamu zao, zilizokuwa zikianzia kwa watoto na kuishia kwa kuku, zilikauka zikawa "Salama?" "Salama." Asubuhi Edina alitazama moshi ukipanda kwenye jiko la Mwamvua ng'ambo ya ua, akatamani kwenda kuomba kaa la moto, akakumbuka kwamba siku hizi anapikia gesi na hana hata kisingizio. Alijiambia kwamba alifanya haki. Alijiambia mara nyingi mno kuliko mtu mwenye haki anavyohitaji.

Na vumbi halikuisha. Mahindi ya Mwamvua yalikwishatoka, dawa ya unga ilikwishapigwa, na bado kila akifagia, lile vumbi lipo. Bwana Denis alisema skania ameacha mayai. Lakini alipoona watu wameanza kuulizia magunia yao, akapiga simu Chemba kumwomba afisa ugani.

Alikuja Sabrina, binti mrefu mwenye pikipiki na mkoba mgongoni. Alivua kofia ngumu akapiga shikamoo kwa kila aliyestahili, akaomba maji, akanywa, ndipo akaomba kuwaona wadudu. Edina alimletea chupa yake. Humo alikuwa akiwatia wadudu wote aliowakamata mwaka ule, kutoka gunia lolote.

Sabrina aliizungusha chupa juani. "Umewakusanya wengi, mama. Tatizo ni kwamba humu wamechanganyika. Siwezi kujua nani katoka wapi. Tuanze upya tafadhali, kila gunia na wa kwake."

Edina hakuwa na vifuko. Alifanya wafanyavyo wanawake wote wakiwa na kitu kidogo cha thamani: aliwafunga kwenye ncha za khanga. Ncha hii wadudu wa mahindi ya Restuta, Mgogo mwenzake wa hapo kijijini, ncha ile wa mahindi ya Bwana Denis, nyingine wa sakafuni pale yalipokuwa mahindi ya Mwamvua. Ncha ya mwisho ilibaki, akaifunga wadudu wa mtama wa ukutani, mtama wake mwenyewe. Fundo hilo lilitoka nene kuliko yote. Aliliona, lakini hakulitia maanani.

Walikaa kwenye kibaraza cha ghala. Sabrina alitoa lenzi, akafungua fundo la kwanza juu ya karatasi nyeupe, akampa Edina atazame kwanza.

"Skania," Edina alisema. "Kichwa hakionekani."

"Kichwa umekipatia," Sabrina alisema. "Wote wa jamii hii wanainamisha kichwa. Lakini kichwa kinakupa ukoo, mama, hakikupi mtu. Sasa tazama huku nyuma, zinapoishia mbawa."

Edina alisogeza lenzi. Hakuwahi katika maisha yake kumtazama mdudu huyo nyuma. Angemtazamia nini? Mwizi unamtazama uso.

"Ni pa mviringo," alisema. "Kama yai."

Sabrina alifungua kijiboksi ndani ya mkoba. Mlikuwa na wadudu wakavu, wamebandikwa kwenye vipande vya karatasi ngumu. Alichagua mmoja, akamweka kando ya yule wa kwanza. "Huyu ndiye skania. Alikamatwa mwaka juzi kwenye mahindi. Linganisha."

Edina akalinganisha. Wa kwenye karatasi alikuwa mkubwa zaidi, na nyuma alikuwa amekatwa wima, pana, na kona zake, kama bodi ya nyuma ya lori. Alimtazama kwa muda mrefu. Huyu ndiye aliyemtoa shule. Alimchukia miaka yote hiyo na kumbe hakuwahi kumwona vizuri, na kuna hasira ya namna yake katika kugundua jambo kama hilo, hasira isiyojua ielekee wapi.

Akarudi kwa yule wa khanga. Mviringo. Akafungua fundo jingine, mviringo. Akafungua la Mwamvua. Mviringo, wote, hakuna hata mmoja aliyekatwa.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Kazini tunamwita dumuzi mdogo. Ni binamu yake skania. Mahindi anayala akiyakuta, lakini kwao hasa ni kwenye mtama, na huku yupo tangu zamani, kabla hata ya yule mkubwa kuja." Sabrina alishika lile fundo nene, akalipima kwa vidole. "Hawa ndio wengi. Mtama huu ni wa nani?"

Edina angeweza kusema sijui. Funguo zilikuwa shingoni mwake.

"Wangu," alisema.

"Ulitoka shambani ukaja hapa moja kwa moja?"

"Ulikaa kwanza nyumbani. Chumbani."

Hapo alishaanza kuona alichokuwa hataki kukiona. Sabrina hakumbana. Alimweleza Bwana Denis kwamba mdudu huyo si skania, akamwelekeza namna ya kuanika na kuchekecha, akazungumzia ile mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, akavaa kofia na kuondoka. Lenzi alimwachia Edina, akasema ataipitia safari nyingine.

Edina alikwenda nyumbani akafunga mlango wa chumbani. Kando ya kitanda, mahali ambapo wengine huweka sanduku, kilisimama kilindo cha gome la mti. Humo ilikuwamo mbegu ya mama.

Bibi Loisi hakuwahi kuitia mbegu yake kwenye kilindo. Aliifunga mashuke kwa mashuke, akaining'iniza darini juu ya mafiga, ndani ya tembe lake la udongo, na moshi ukaifanya nyeusi kama sufuria. Mtama huo ulikuwa wa mama yake, na wa mama wa mama yake. Bibi alipofariki, Edina aliona haya kuuacha kwenye masizi. Alijenga nyumba ya bati, safi, yenye sakafu ya saruji. Angeiwekaje mbegu ya mama jikoni kama kitu cha kutupwa? Aliyashusha mashuke, akayapura, akapeta, akanunua kilindo kizuri kwa fundi, akakiweka pale anapolala. Kila akipanda alichota humo, na kila akivuna alirudishia humo. Mtama wa chakula ulikaa kando yake mpaka siku ya kwenda ghalani. Hakuna aliyemlaumu. Watu walimsifu, wakasema mtoto anayemheshimu mama yake hivi atabarikiwa.

Alifunua kifuniko. Harufu ilikuwa ya vumbi. Alitia mkono mpaka chini akatoa konzi, na zile punje zilikuwa nyepesi, maganda matupu yaliyotobolewa. Wadudu walitambaa juu ya vidole vyake wameinamisha vichwa. Hakuhitaji lenzi, lakini aliichukua. Nyuma walikuwa wa mviringo.

Aliketi kitandani akalia. Aliilia mbegu, akamlilia mama yake ambaye alikuwa kama amekufa mara ya pili, na katikati ya kilio akajikuta anamlilia Mwamvua, aliyekuwa mzima ng'ambo ya ua na moshi wake. Moshi kama ule ndio mama aliokuwa akiipa mbegu, na yeye, kwa mapenzi, aliinyima.

Sasa niseme ukweli juu ya Edina, maana simwandiki ili apendeze. Siku ile aliwaza kunyamaza. Kijiji kilishaambiwa si skania, na hakuna aliyeuliza mdudu alitoka wapi. Mahindi ya Mwamvua yangerudi ghalani taratibu, maneno yangepoa, na funguo zingebaki shingoni. Angefika huko, nadhani, kama jioni asingesikia sauti za watoto njiani wakiimba "Mama Skania, mzigo wako unaenda wapi," na kumwona Mwamvua akipita na ndoo kichwani, shingo imenyooka, hageuki. Aliyatazama mabega yake mpaka akapinda kona. Kisha Edina akaenda kwake.

Alimkuta uani anapeta choroko. Kuku walikuwa wamemzunguka.

"Hodi, Mama Khalidi."

"Karibu." Hakuinuka.

Edina alisema yote akiwa amesimama: mdudu, mviringo, kilindo, mtama. Mwamvua aliendelea kupeta. Alipomaliza, aliweka ungo chini.

"Mdudu ulimtazama kichwa," alisema. "Mimi ulinitazama wapi?"

Mwamvua alimfukuza kuku aliyesogelea ungo.

"Ulinitazama nilikotoka. Kama ungekuta vumbi lile chini ya gunia la Restuta, ungemwangalia mdudu mara mbili."

"Ndiyo," Edina alisema. Ilimuuma kulisema kwa sababu lilikuwa kweli. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Mahindi yangu uliyatoa mbele ya watu, Mama Yotham. Hapa tuko wawili na kuku."

Mkutano wa ghala ulipokaa, Edina aliomba kusema kabla ya ajenda. Alisimama na khanga yake ile ile, akaeleza kwamba alikosea kumtambua mdudu, na kwamba mdudu hakutoka kwa Mama Khalidi hata mmoja. "Alitoka chumbani kwangu," alisema, "kwenye mbegu ya mama yangu. Mama aliiweka kwenye moshi, mimi nikaitoa nikaiweka pazuri." Akavua funguo shingoni, akaziweka mezani mbele ya Bwana Denis.

Watu walitazama funguo. Yule mzee wa kisimani alikuwa anatazama viatu vyake. Bwana Denis alikohoa, akauliza kama kuna mwenye neno, na mwenye neno alikuwa Mwamvua, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango.

"Mrudishieni," alisema. "Mkimweka mwingine, naye atakuja kujifunzia kwenye mahindi yangu. Huyu ameshajifunza." Akamnyooshea Edina kidole. "Wazee walisema nyani haoni kundule. Ila huyu wetu sasa kapewa na kioo."

Mkutano ulipasuka kwa kicheko, na Edina akacheka pamoja nao huku machozi yanamtoka, kwa maana alijua kwamba mtu hakutanii mbele ya watu kama amekwisha kukukata. Alirudishiwa funguo. Mahindi yalirejea ghalani mabegani mwa vijana wale wale walioyatoa, na hilo nalo Mwamvua ndiye aliyelitaka.

Mbegu haikurudi. Edina alianika alichoweza, akachekecha, akajaribu punje kwenye kitambaa kibichi. Haikuota hata moja. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa mashariki, na watu wakaanza kusafisha mashamba. Yeye aliwaza kwenda Chemba kununua mbegu ya pakiti kama kila mtu, na aliona aibu kama vile angekwenda kununua mama mwingine.

Asubuhi moja Mwamvua alimwita kwa juu ya ua. Hakumkaribisha sebuleni, alimpeleka moja kwa moja jikoni, kibanda cha miti na udongo chenye mafiga katikati. Macho ya Edina yalichukua muda kuzoea giza na moshi. Mwamvua alinyoosha mkono darini akashusha fungu lililofungwa kwa kamba ya ukili, jeusi tii.

"Shika."

Yalikuwa mashuke ya mtama. Edina aliyatambua kwa jinsi yalivyopinda shingo, kabla hata hajayafuta masizi.

"Umeyapata wapi haya?"

"Kwa Bibi Loisi, siku niliyohamia. Umesahau? Alinipa, akaniambia nisiyatoe moshini. Mimi nilikuwa mgeni, ningebisha nini? Napanda kila mwaka pale pembeni ya mahindi, kidogo tu, nikivuna narudisha hapo."

Edina alivunja kishuke kimoja, akakisugua kiganjani. Punje zilitoka ngumu, nyekundu chini ya weusi. Alitoa lenzi kwenye fundo la khanga, akatazama kiganja mbele na nyuma. Hapakuwa na kitu kinachotambaa. Akaleta kiganja puani. Kilinuka moshi, kilinuka mgongo wa mama yake akiwa ameinama motoni.

"Chukua," Mwamvua alisema. "Yanatutosha wote wawili."

Edina alitikisa kichwa. Alinyoosha mikono, akayarudisha mashuke darini mahali pake, akakaza kamba.

"Yakae hapa hapa. Mimi kwangu hakuna moshi. Nitakuja kuchukua mvua ikinyesha."

Mwamvua alimtazama, kisha akainama kusukuma kijinga cha moto kwenye mafiga.

"Basi uwe unakuja na kuni," alisema.